Mama Aliyemnyoa Baba

Mama yangu, Tan Juying, alitengeneza tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, miaka ishirini na sita katika mji wetu mdogo wa kusini mwa jimbo la Hunan, China. Baba alisaga soya, mama alichuja na kukandamiza, na ikifika saa mbili asubuhi meza yetu sokoni ilikuwa tupu.

Mwaka 2010 baba, Kuang Shousheng, alianza kuharisha damu. Hospitali ya kwanza ilisema ni kifua kikuu cha utumbo. Akanywa dawa miezi tisa, akazidi kukonda, na habari zikafika sokoni.

"Juying," muuza pilipili wa meza ya pili alimwita mama mbele za watu, "tofu yako siku hizi umetia nini?"

"Nimetia ulimi wako. Si unaona inavyowasha?"

Watu walicheka, kisha wakaenda kununua kwingine.

Kumbe hakuwa na kifua kikuu. Daktari mmoja wa Changsha, jiji kuu la Hunan, alisema ni ugonjwa wa Crohn: mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe. Alimwandikia vidonge vya njano na kumwambia arudi baada ya mwezi kupima damu.

Wiki ya tatu nywele za baba zilianza kutoka. Hazikutoka moja moja; asubuhi mama aliinua mto akakuta mafungu mafungu.

"Naona nageuka mtawa wa Kibudha, mwenye kipara na asiyekula nyama," baba alisema.

"Mtawa gani anayependa nguruwe hivyo? Hebu kaa hapa."

Alimkalisha uani akamnyoa kwa wembe. Alihofia nywele zisije zikaingia kwenye tofu, muuza pilipili akapata la kusema. Mimi nilishika beseni. Baba aliniuliza kama kichwa chake kina umbo zuri, nikamwambia kinafanana na kiazi. Hakuna aliyepiga simu hospitali. Tumbo lilikuwa limeanza kutulia, tulifurahi.

Siku tano baadaye alishikwa na homa, koo likajaa vidonda hata mate hayapiti. Tulipomfikisha hospitali, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na magonjwa, zilikuwa karibu zimekwisha. Alikufa siku ya nne, akiwa na miaka arobaini na minane. Mama alikaa matanga siku arobaini na tisa kwa desturi yetu, kisha akarudi sokoni peke yake.

Mwaka 2018 damu ileile nikaiona chooni mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama aliacha meza ya sokoni, tukaenda Changsha, na huko tukampata Daktari Liao, mwanamke mpole aliyekuwa akichunguza familia zenye ugonjwa huu. Alitaka damu na kinyesi changu, na vya mama pia.

"Mavi yangu?" mama alishangaa. "Ya kazi gani, dokta?"

"Tumboni mwako wamejaa bakteria, mama, wengi kuliko watu wa nchi hii nzima. Kwa mgonjwa, wale wema hupungua, wakorofi wakatamba. Ninyi mnakula chungu kimoja, nataka kuona mnatofautiana wapi."

"Ungeniambia mapema, jana nisingekula pilipili zote zile."

Wauguzi walicheka. Ilikuwa mara ya mwisho mama kutania mwaka ule.

Majibu yalipotoka daktari alituita sote wawili. Bakteria wema wa mama walikuwa tele. Wangu walikuwa wamebaki wachache mno. Kisha akafungua karatasi ya pili, ya vinasaba.

"Mwanao Yuhe ana tofauti moja ndogo hapa. Kwetu Wachina, karibu mmoja kati ya watano anayo. Watu wa Ulaya wengi hawana, na vipimo vya zamani vya kujua nani dawa itamdhuru vilitengenezwa kwa damu yao, kwa hiyo havikuiona. Mwenye nakala moja ya tofauti hii, ile dawa ya njano aliyopewa baba yake humsumbua. Aliyerithi mbili humwangamiza. Wewe, mama, huna. Imetoka kwa baba yake, na yeye huenda alikuwa nazo mbili."

Mama akauliza, "Kuangamiza huko kunaanzaje?"

"Nywele. Hutoka ghafla, kwa wingi. Dawa ikisimamishwa wakati huo, wengi hupona."

"Nilimnyoa."

Daktari hakuelewa.

"Nilimnyoa mimi, zisionekane kwenye tofu."

"Mama, mwaka ule hata sisi hatukujua."

"Lakini ningewapigia simu, mngempima damu."

Daktari Liao alitazama karatasi zake. Hakukataa.

Mimi walinipa sindano badala ya vidonge vya njano. Zilinisaidia mwaka mmoja, kisha utumbo ukaziba, wakakata sentimita arobaini. Mama alinitunza, akapika uji, akafua, ila mazungumzo yalimwisha.

Nilipoweza kusimama, mama alichukua nakala ya majibu akampelekea baba mdogo Shouping, fundi vigae wa mji wa jirani. Mwanawe mkubwa alikuwa ameanza kulalamika tumbo.

"Apimwe tu damu, Shouping, kabla hawajampa dawa yoyote."

"Shemeji, wanangu hawajaoa. Nani atamtoa binti yake kwenye nyumba yenye karatasi kama hiyo? Kunywa chai."

Karatasi hakuigusa. Mama alirudi tena baada ya mwezi, akapewa chai tena. Safari ya tatu mlango haukufunguliwa, ingawa aliisikia televisheni ndani, na mtu akikohoa. Aliita jina la kijana mara mbili. Kisha akapiga magoti, akaisukuma karatasi chini ya mlango, akapanda basi la saa sita mchana. Kama iliokotwa, hatujui.