Picha ya Guka kwenye Holi ya Kanisa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopanda kuelekea kanisa letu la Mutuini nikiwa nimekumbatia picha ya babu yangu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kidogo, wakati mtu akinunua simu ya mkononi aliivaa kiunoni ili aonekane. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja kule Hurlingham, kazi ya kupokea wageni na simu, na nilijiona mtu aliyefika. Siwezi kusema nilikuwa mtoto. Lakini ujinga nao hauulizi umri.

Kanisa lilikuwa likiadhimisha kuzeeka kwake, na vijana wakatoa wazo: kabla mashamba hayajaisha yote kuwa nyumba za kukodisha, tuwe na siku ya kumbukumbu ya kijiji. Kila boma lilete kitu kimoja cha zamani, vipangwe kwenye holi, na Jumapili baada ya ibada watu wapite waone, wenyeji kwa wapangaji. Mwenye kitu asimame kando yake aeleze. Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo nalisifu. Watu wakaleta vibuyu vya maziwa, viondo, pasi za makaa, vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mende.

Mama yangu alisema, "Wairimu, peleka kibuyu."

"Vibuyu vitajaa pale, Mama. Mimi nitapeleka Guka."

Akanyamaza. Ningekuwa na masikio, ningesikia kile kimya. Guka, yaani baba yake Mama, alikuwa ametundikwa ukutani sebuleni kwetu tangu nipate akili. Alisimama wima ndani ya koti refu, bunduki begani, macho yakitazama mbali. Alifariki nikiwa mdogo sana. Tulipouliza habari zake tuliambiwa alikuwa askari, basi, mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe. Mimi nilimpenda kwa lile koti. Nilikuwa nimempeleka kwa fundi pale barabara ya Argwings Kodhek, karibu na ofisi, akamtilia fremu mpya na kioo kisafi.

Mwenyekiti wa vijana alikuwa Githinji, fundi wa stima, mtu mchapa kazi ambaye bila yeye siku ile isingekuwapo. Alikuwa anafunga waya za taa aliponiona nikitafuta msumari. Akashuka ngazi, akaishika ile picha, akaitazama.

"Huyu ni nani?"

"Ni Guka yangu. Alikuwa askari."

"Askari wa nani?"

Sikuwahi kujiuliza, mwanangu.

"Wairimu, huyu alikuwa ngati," akasema. Hilo ndilo jina walilopewa watu wetu wenyewe ambao mkoloni aliwapa bunduki wakati wa Hali ya Hatari ili wawachunge majirani zao. "Guka yangu alitoka kizuizini hana meno. Na wewe unaniletea huyu kwa fremu mpya? Hiyo picha haikai hapa. Rudisha kwenu." Kisha, akiwa tayari ameshika ngazi, akaongeza, "Mtoto wa nyoka ni nyoka tu."

Waliokuwepo waliendelea kupangusa meza. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilielewa kwamba wote walijua.

Nilimkuta Mama akimkatia ng'ombe majani. Aliona picha mkononi mwangu, akaweka panga chini.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulipokuwa unampigia saluti ukutani?" Akafuta mikono kwenye leso. "Iweke kwa sanduku. Tukiulizwa tutasema kioo kilivunjika. Hao kina Githinji watasahau. Watu wa kutosahau ni kina Cucu Nyokabi, na wao hawajawahi kutusema."

Waswahili wanasema, mficha maradhi kilio humfichua. Mama alikuwa ameficha kwa upendo, lakini kuficha ni kuficha. Sikuiweka kwa sanduku. Nilikwenda moja kwa moja kwa Cucu Nyokabi, nyanya wa watu wote pale kijijini, ambaye boma lake lilikuwa juu kidogo ya mto. Nilikwenda kufanya nini, sijui. Nadhani nilitaka aniambie kwamba Githinji amedanganya.

Alikuwa amekaa kwenye jua akipukuchua maharagwe. Nikampa picha. Aliishika mbali na macho, kama wanavyofanya wazee, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Hata koti ndilo."

Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, huku vidole vyake vikiendelea na maharagwe. Wakati ule watu walitolewa kwenye maboma yao wakajazwa katika kijiji kimoja, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki kukizunguka. Guka ndiye aliyewasimamia na kiboko. Siku moja dada yake Nyokabi, Wangechi, aliteleza akaanguka ndani, mguu ukavunjika. Wenzake wakaomba wamtoe wampeleke akatibiwe. Guka akakataa. Akasema kazi iishe kwanza. Walimtoa jua likizama, na ule mguu haukunyooka tena.

Mwanangu, Cucu Wangechi nilimjua! Nilimwona utotoni mwangu wote, mwanamke wa fimbo aliyeuza ndizi sokoni mpaka alipofariki. Na nilijua jambo moja juu yake ambalo hakuna aliyewahi kunifafanulia: hakupita kamwe mbele ya lango letu. Alizunguka kule chini mtoni, kwa mguu ule ule, kwenye tope, ili asipite kwetu. Sisi watoto tulidhani anapenda mto.

Nililia. Nikasema, "Cucu, niruhusu niichome hii picha hapa hapa, mbele yako."

Ndipo aliponikemea. Aliacha maharagwe. "Ukiichoma, mguu wa dada yangu utanyooka?"

"Hapana, Cucu."

"Basi unataka kuchoma nini? Unataka kesho usiwe na la kueleza. Hiyo ni raha yako, si yangu." Akainuka, akijishika kiuno. "Na huyo Githinji amekuita nyoka? Niletee kitambaa changu cha kichwa. Twende."

Tulitembea polepole. Tulipoingia kwenye holi, Githinji alikimbia kumletea kiti, lakini Cucu hakukaa. Alisema kwa Kikuyu, nami nakupa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Githinji, wewe ulichimba lile handaki?"

"La, Cucu. Sikuwa nimezaliwa."

"Ulivunjika mguu?"

"Cucu, mimi nawatetea nyinyi. Hatuwezi kumweka huyu mtu na vitu vyenu."

"Hasira ni yangu. Mimi ndiye niliyepigwa, nimeilea miaka yote hii, naijua inalala saa ngapi na inaamka saa ngapi. Nani alikupa uibebe? Huyu msichana alimpiga nani? Mliita kila boma lilete kitu chake. Na hiki ndicho boma lao lilicho nacho."

Githinji aliinamisha kichwa, lakini hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Sawa Cucu. Lakini watu wakipita, wataona mtu na bunduki, waseme ni shujaa. Huo si uongo?"

"Hapo umesema kweli," Cucu akajibu. Akanigeukia. "Ndiyo maana huyu atasimama kando yake kesho, aeleze. Yote. Kwa mdomo wake."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilidhani Cucu amekuja kunitetea, kumbe alikuwa ananipa mzigo ulio wangu, wa kwake akabaki nao. Picha ikatundikwa. Chini yake Cucu akasema liwekwe jembe lake mwenyewe, lile alilochimbia handaki, lililolika likabaki kama kijiko.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwambia Mama nitakachofanya. Akasema, "Utatuvua nguo mbele ya watu," akaingia chumbani kwake.

Jumapili baada ya ibada watu wakaingia. Cucu Nyokabi alikuwa ameketi karibu nami, mikono mapajani. Wenyeji walipita upesi, wakitazama vibuyu. Aliyesimama alikuwa Mama Auma, mpangaji kutoka magharibi aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale stendi, mtu wa kupenda kuuliza.

"Heh! Huyu ni mkubwa gani? Ni nani yako?"

"Ni babu yangu," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito kama wa kuazima. "Alikuwa homgadi, yaani ngati, askari wa mkoloni. Alisimamia akina mama wa hapa wakichimba handaki, akawapiga. Mmoja wao akavunjika mguu, babu akakataa atolewe. Aliyeumia aliitwa Wangechi. Huyu hapa ni mdogo wake."

Mama Auma alinitazama, akamtazama Cucu. "Pole, mama," akasema, akamshika Cucu mkono. Kisha akanishika na mimi. "Pole na wewe."

Nilirudia maneno yale kwa kila aliyeuliza. Hayakuwa mepesi hata mara moja. Githinji alikuwa kwenye ngazi yake upande wa pili. Hakuja kuniomba msamaha, wala sikumngoja. Ila niliona kwamba watu walipoanza kusongamana mbele yangu, alihamisha taa moja ikamulika upande wetu.

Watu walikuwa wameanza kupungua nilipomwona Mama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alikuja akasimama upande wa pili wa picha, akamtazama Cucu Nyokabi, akaongea kwa sauti ya chini sana.

"Kuna lingine ambalo Wairimu halijui. Baba alipokuwa karibu kufa aliniambia, 'Niitie Wangechi.' Aliniambia zaidi ya mara moja. Niliona aibu. Sikwenda. Akafa."

Nilimsikia Cucu akivuta pumzi.

"Angekuja?" Mama akamuuliza. "Ningemwita, angekuja?"

Cucu hakutaka kumdanganya. "Sijui," akasema. "Wangechi alikuwa mkaidi. Labda angekataa. Lakini angekufa akijua kwamba aliitwa."

Mama akapiga magoti pale sakafuni kwa gauni lake la Jumapili. Cucu hakumwinua haraka, wala hakumwambia yamekwisha. Aliweka tu mkono juu ya kichwa chake, ukakaa hapo.

Basi mwanangu, nakwambia wazi, maana utu uzima si wa kuzungumza kwa mafumbo mpaka mwisho. Ukiulizia habari za watu wako, ulizia zote. Usichague nzuri za kutundika na mbaya za kufungia sandukuni, kwa kuwa hizo mbaya majirani wanazo tayari, wewe peke yako ndiye huna. Hukuzaliwa na deni la babu yako, na usikubali mtu akuite nyoka kwa ajili yake. Lakini ukweli wake ni wako kuusema. Asiyeusema humwachia aliyeumizwa kazi ya kuusema, na huko ni kumuumiza mara ya pili. Na kama wako ndio walioumizwa, waheshimu kwa kuwasikiliza. Usiifanye hasira yao kuwa fimbo ya kupiga watoto wa wenzako. Zaidi ya yote, mtu akikutuma umwitie mwingine wapatane, vaa viatu uende. Usipime kwanza kama huyo mwingine atakubali. Kukubali ni kwake, kuita ni kwako, na mgonjwa huwa hangoji ahadi ya kesho.

Mungu akupe masikio ya kusikia kimya cha wakubwa wako, na ulimi usiochelewa. Akujalie majirani watakaokwambia kweli wakiwa wamekushika mkono. Upite kila njia ya kijiji chako bila kuzunguka, na wengine wapite mbele ya lango lako wakikusalimu kwa jina. Nenda na amani, mwanangu.