Siku Tuliyokipa Kisiwa Jina

Jana mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu ramani ya Antaktika, nimsaidie kusoma majina ya visiwa vile vya barafu. Nikacheka peke yangu, rafiki. Nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Naviundu, darasa la sita, msimu wa mvua.

Mwalimu wetu alilichora bara lile ubaoni kwa chaki. Alisema mabaharia walifika huko midomo imepasuka kwa baridi, na kila mwamba waliouona wakaupa jina: la mfalme, la tajiri aliyewalipia safari. Pwani moja ndefu, kapiteni aliipa jina la mke wake aliyebaki nyumbani.

"Na benyewe ba kule, balikubali?" nikauliza.

"Kule hakuna bantu, hata mutu mumoja," mwalimu akajibu. " Mwenye kufika wa kwanza, njo anapatia jina."

Wiki ileile mto ulifurika, ukakata ukingo karibu na tanuri za matofali. Maji yalipopungua, kipande cha ardhi kilibaki katikati, na mpera wake umesimama. Wavulana wa ng'ambo ya mto wakatangaza kwamba Jumamosi watakipa jina la timu yao ya mpira.

Jumamosi hiyo mimi na rafiki zangu wawili tuliosha vyombo mbiombio, tukateremka mtoni. Maji yalitufika kiunoni, yakinuka udongo na moshi. Tulishikana mikono. Wavulana nao walikuwa wamefika, wanavua viatu. Katikati niliteleza, nikameza maji. Rafiki yangu akanivuta kwa kola ya gauni, nikapanda kisiwa kwa magoti. Nikamkumbuka yule kapiteni na mke wake, na jina likanitoka lenyewe, la bibi yangu, tuliyemwita Kaku, aliyetulea kwa kuuza kinywaji cha munkoyo kando ya barabara.

"Huku ni Kwa Kaku!"

Wavulana walibaki wamesimama, viatu mkononi.

Nyumbani nilingoja fimbo. Kaku alitusikiliza, akaweka mwiko chini.

"Miye niko muzima, njo munaita udongo jina yangu?"

Kisha akatupakulia bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga kabla ya wajomba. "Leo bakubwa ni haba batoto," akawaambia. Kesho yake, baada ya misa, alikwenda ukingoni na kitenge chake kipya, akakitazama kisiwa kwa muda mrefu.

Siku hizi mto umehama, tanuri zimekwisha, juu ya kisiwa pamejaa nyumba. Kaku hayupo. Lakini panda pikipiki sokoni, pale mtaa wa Kenya mjini kwetu, useme tu "Kwa Kaku." Dereva ambaye siku ile alikuwa hajazaliwa atakufikisha, bila kukuuliza ni wapi.