Siku Nilipoiharakisha Kompyuta Mbele ya Wakwe

Nimehubiri miaka mingi juu ya uvumilivu, na naona haya kukiri kwamba aliyekuja kunifundisha maana yake hakuwa mchungaji wala askofu bali kompyuta, tena mbele ya wakwe watarajiwa, sebule ikiwa imejaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Kaisho, nami nilikuwa nimestaafu uinjilisti. Chuo cha dini nilikofundisha kilinipa kompyuta yake kuukuu kama zawadi ya kuagwa, na fundi wa chuo, Deo, akaja kunifungia nyumbani pamoja na printa, akaunganisha kwenye jenereta. Nikamwuliza kama inaweza kuongezewa mbio, maana ilikuwa nzito (ukifungua barua unaweza kwenda kukata mkungu wa ndizi shambani ukarudi bado inafikiri). Akanionyesha ukurasa wa buluu unaotokea ukibonyeza kitufe mapema wakati wa kuwasha, wenye namba mbili za kumbukumbu ya mashine: moja ni kasi yake, ya pili ni idadi ya mapigo inayoyasubiri kabla ya kujibu. Akasema, "Mzee, ukipandisha kasi, ongeza na kusubiri. Ukipunguza kusubiri, teremsha kasi. Ukivitaka vyote viwili, itachanganyikiwa." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Basi wazazi wa Eliasi, kijana wa Kimuli, walikuwa wameleta barua ya posa kwa binti yangu Adelina, na Jumamosi hiyo watu wao walikuwa wanakuja kuchukua jibu. Jibu lilikuwa ndiyo, ingawa mwanzoni nilisitasita (Adelina ni kitinda mimba wangu, msinilaumu sana), nami nikaliandika kwenye kompyuta kwa maneno mazuri na mistari miwili ya Maandiko. Nilitaka waione ikichapwa mbele yao, mara moja. Kwa hiyo asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya migomba, nikaingia kwenye ule ukurasa wa buluu, nikapandisha kasi kutoka sitini na sita hadi sabini na tano, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaonja utamu, nikapunguza na mapigo kutoka matatu hadi mawili. Barua ikafunguka kabla sijakaa vizuri kitini. Nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo sidhani kama alihusika.

Nikaiacha ikiwaka. Mke wangu, akipamba sebule, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama tunavyofunika redio, na mimi nikaona imependeza. Wageni wakafika saa saba, jua likipiga bati, wakapewa punje za kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi yetu, tukasalimiana kwa kirefu, na mshenga wao, Mzee Sospeter, akaomba jibu. Nikasimama kwa madaha, nikafunua kitambaa. Kasha lilikuwa la moto kama sufuria. Barua ikatokea nusu, ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikalia mara tatu ikanyamaza. Nikarudia tena, ikawaka, ikaniambia faili limeharibika.

"Mwinjilisti," mshenga akasema taratibu, "sisi tunasubiri tu. Ila kwetu Kimuli anayekataa husema kwa mdomo, hasumbui jenereta."

Shangazi wa kijana akaongezea, "Labda ni mashine ndiyo haimtaki Eliasi wetu."

Wakacheka, lakini kicheko kifupi, na Eliasi mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaenda jikoni kuomba maji (sikuwa na kiu). Adelina alikuwa amepiga magoti kando ya chungu cha maharage, hakuinua uso. "Baba," akasema, "kama umebadilisha mawazo, ungeniambia mimi kwanza."

Mwanangu alidhani naigiza. Ile aibu ya sebuleni nikaiona ndogo kabisa. Nikamshika mkono nikaingia naye, nikawaambia wote kwamba mashine nimeiharibu mwenyewe kwa kutaka kujionyesha, fundi alinionya, na jibu letu ni ndiyo. Mzee Sospeter akashukuru, lakini akasema wazee waliomtuma wanahitaji karatasi. Na mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu nilipougua, ndiyo sababu niliipenda ile kompyuta. Adelina akachana karatasi ya daftari, akaishikilia mezani kwa viganja viwili, nami nikaandika mistari minne kwa muda ambao ndizi zingeiva jikoni. Hakuna aliyeniharakisha. Shangazi akaisoma, akaikunja vizuri, akasema, "Imepinda, Baba mkwe, lakini tumeielewa."

Deo alikuja baadaye kurudisha zile namba. "Mzee, nilisema nini?" Nikamjibu, "Ulisema, mwanangu."

Sijazigusa tena wala sitazigusa. Kompyuta ni ile ile, nzito vile vile, na nikishaiwasha nafumba macho na kuwaombea Adelina na Eliasi, kisha wajukuu, mmoja mmoja kwa jina. Wamekuwa wengi sasa. Mara nyingi nafumbua macho nakuta imeshaamka zamani, nami bado niko kwa mjukuu wa tatu.