Jirani Yangu na Trela Yake

Jirani yangu hapa ughaibuni, mjini Mesquite, ni nesi, na trela yake ya kupigia kambi porini huihudumia kama mgonjwa. Huvaa glavu za bluu za kazini, hupaka grisi mdomo wa trela, huushusha juu ya kirungu cha chuma nyuma ya pikapu, kisha huuinua kwa jeki mpaka pikapu nayo inyanyuke. Visipoachana, husema kwa sauti ya wodini, "Imeshika." Yeye na mkewe wakirudi safarini, huitenga trela na pikapu, huitia kufuli mdomoni, hupitisha mnyororo kwenye magurudumu, na huvuta kila kufuli. "Imeshika." Pikapu huiacha hapo kando tu.

Jumamosi moja walikuwa waende ziwani. Mkewe, Kwamboka, alitoka na sufuria ya pilau. "Baba Moraa, na gari iko wapi?" Palipokuwa na pikapu palibaki vipande vya kioo. Mume alivitazama, akavaa glavu, akapiga magoti mbele ya trela, akavuta kufuli zote. "Imeshika," alimwambia. Kwamboka akarudisha pilau ndani. Polisi alipofika kuuliza kimeibwa nini, jirani alimpeleka kwenye trela, akamwomba avute kufuli mwenyewe. Polisi akavuta.