Meza ya Inchi Thelathini

Meza ya jiko, kwa watu wengi, huwa na kimo cha inchi thelathini na sita kutoka sakafuni. Hilo sikulisoma kitabuni. Mimi ni seremala, na nimelijua kwa miaka ishirini na tatu ya kuinama na kuinuka. Meza niliyomtengenezea Mzee Futi ina inchi thelathini kamili, na wiki iliyopita binti yake alinipigia simu akitaka niende kuipandisha.

"Fundi, baba anaumia mgongo," alisema. "Kila nikienda namkuta amekunjika pale jikoni, mkono mmoja kisu, mwingine kiuno. Ipandishe tafadhali. Na usimwulize, maana atakataa."

Nikamwambia naja. Kisha nikabaki nimekaa kwenye benchi la karakana na simu mkononi, nikitafuta sababu ya kutokwenda. Sikuipata.

Mzee Futi si jina lake. Ni fundi cherehani, mrefu kama mlango, na ile futi kamba yake haimtoki shingoni hata akienda msibani. Ukisalimiana naye anakupima kwa macho, na kabla hujauachia mkono wake ameshajua bega lako lipi limeshuka. Langu ni la kushoto. Ndiye aliyenishonea suti ya harusi. Aliniambia niifuate kesho, na kesho ile nilifika nayo mpaka asubuhi ya harusi yenyewe. Nilikwenda kuoa nikiwa na pini mbili kwenye pindo la suruali. Sikumlaumu. Fundi na kesho ni chanda na pete, na mimi ni fundi pia.

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye maneno. Mzee alimwita Bibie, hata mbele za watu, bila haya. Walikuwa na nyumba ya kawaida tu ya pembezoni mwa mji: ngazi tatu mlangoni, korido nyembamba, jiko la giza, na nyuma ya nyumba majani makavu na kamba ya kuanikia nguo. Humo walilea binti yao, na humo Bibie alianguka asubuhi moja akapata kiharusi. Mikono ilirudi, ulimi ulirudi ukiwa mkali kuliko mwanzo, lakini miguu haikurudi. Siku aliyotoka hospitali, kiti chake cha magurudumu kilikwama kwenye mlango wa mbele. Ikabidi apelekwe kwa dada yake, aliyekuwa na nyumba isiyo na ngazi, upande wa pili wa mji.

"Nitarudi nyumba ikinitaka," alisema, akacheka. Mzee hakucheka. Wiki iliyofuata alimtafuta msanifu wa majengo.

Huyo msanifu alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini na viatu vyeupe ambavyo havikuchafuka hata siku ya zege, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Wiki ya kwanza nilimdharau. Ya pili nikanyamaza. Hakumwuliza Mzee anataka nyumba ya namna gani; alimwuliza, "Mama akiamka, anafanya nini kwanza?" Mzee akajibu kwa saa nzima, kuanzia birika la chai mpaka kufunga mapazia.

Basi ngazi zikaondoka, ukaja mteremko mpole usioufahamu mpaka umeshaupanda. Milango ikapanuliwa. Ukuta wa jiko ukavunjwa, mwanga ukaingia. Nyuma yakajengwa matuta ya matofali yenye kimo cha goti, ili mtu aliyekaa aushike udongo bila kuinama, na njia pana ikayazunguka matuta yote na kurudi mlangoni. Mnanaa na mrehani karibu na jiko, mawaridi mbali kidogo. Dirisha la jiko lilishushwa mno, juu na chini. Mtu mzima akisimama mbele yake anaona matofali ya njia tu, na mimi nikamwuliza msanifu kama hilo ni dirisha la paka. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Vipimo vya meza ya jiko Mzee alivichukua mwenyewe. Alikwenda kwa shemeji yake akampima Bibie akiwa kitini: kiwiko, goti, urefu wa mkono ukinyooshwa. Akaniletea kwenye karatasi ya daftari la kushonea, inchi thelathini, imepigiwa mstari mara mbili. Msanifu akashauri tuweke miguu ya chuma, ya skrubu, inayopanda na kushuka. "Watu hubadilika, Mzee," alisema.

Mzee akaizungusha futi yake vidoleni. "Huyu hapungui wala haongezeki. Mimi ndiye ninayemjua." Akaivuta futi ikanyooka. "Na hiyo ya kupanda, unampandishia nani?"

Msanifu akatazama viatu vyake. Mimi, kwa kiburi changu, nikaunga mkono upande wa Mzee. Nikasema miguu ya skrubu ni ya wasiojua kuunga mbao. Nikaahidi mbao ngumu, iliyokazwa sakafuni, isiyotikisika milele.

Sasa nimefika pale ninapopazunguka siku zote. Rangi ilikwisha. Bustani ilikwisha. Maji na umeme vilikwisha. Ilibaki meza yangu na droo zake, nami niliahidi Jumatatu. Jumatatu ileile akaja mtu anataka kitanda cha maharusi, chenye nakshi kichwani, na harusi iko karibu. Nikajiambia siku mbili tu. Zikawa kumi na sita. Mzee alipopiga simu nikamwambia gundi haijakauka, hewa ina unyevu. Alipopiga tena nikaiongezea gundi unyevu mwingine.

Halafu akapiga Bibie mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "hiyo gundi yako ni gundi au asali?"

Nikacheka. "Gundi, Mama."

"Mimi sitaki makubwa. Nataka kitunguu kimoja tu. Nikikate kwenye jiko langu, nilie machozi yangu mwenyewe. Hapa kila nikilia wananiletea shuka nilale."

"Kesho, Mama."

"Haya, kesho. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, ujue."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi, kwa dada yake, kiharusi cha pili kikamchukua. Nyumba yote ilikuwa inamngoja, na yeye alikuwa ananingoja mimi.

Baada ya mazishi nilikwenda nikaimaliza ile kazi. Ilinichukua siku mbili. Siku mbili tu, na hilo ndilo linalonikata maini. Mzee alikuja, akapitisha kiganja juu ya mbao, akasema, "Asante, fundi. Kazi safi." Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Basi wiki iliyopita nikaenda, na msumeno na vipande vinne vya mbao vya inchi sita. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta Mzee jikoni, amekaa kwenye kiti cha magurudumu cha mkewe, magoti yameingia chini ya meza, mbele yake ubao na kitunguu kizima. Aliviona vile vipande mkononi mwangu akaelewa.

"Amekutuma binti yangu."

"Anasema unaumia mgongo, Mzee."

"Nikisimama, ndiyo. Nikikaa siumii." Akakisogeza kitunguu kidogo, akakirudisha. "Lakini akinikuta kwenye kiti cha mama yake analia. Kwa hiyo akija nasimama."

Nikaviweka vile vipande sakafuni. Akajishika kwenye meza, akainuka taratibu. "Kaa," akaniambia.

"Mimi?"

"Kaa, fundi. Umejenga hapa miezi, hujawahi kukaa hata siku moja."

Nikakaa. Viwiko vyangu vikalala juu ya mbao vyenyewe, kama vimeitwa. Nikainua macho. Lile dirisha la paka lilikuwa limejaa bustani: njia ikipinda, matuta, mnanaa, na mawaridi yote yakiwa usawa wa uso wangu, hakuna ukuta wa jirani, hakuna paa. Nilipokuwa nimesimama sikuona hata moja. Yule dada wa viatu vyeupe alikuwa amepima macho ya Bibie.

Maneno yakatoka kabla sijayapanga.

"Mzee, gundi ilikauka siku ileile niliyoipaka. Nilikuwa na kazi nyingine. Nilidanganya."

Alikuwa amesimama nyuma yangu, sikuuona uso wake. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Ile Jumatano, siku moja kabla Bibie hajakupigia, nilipita kwenye karakana yako. Ulikuwa unapiga msasa kitanda, umeinama, hukuniona. Nikarudi."

"Kwa nini hukuniita? Ungenitukana, Mzee, ningeacha kila kitu!"

"Fundi hamwaibishi fundi mwenzake mbele ya kazi yake." Alisema polepole, akivuta ncha za futi shingoni. "Miaka arobaini nimewaambia watu kesho. Nikasema, siku mbili tatu ni nini? Nikaenda nikamwambia Bibie gundi haijakauka. Akaniamini. Akasema, nipe namba yake nimtanie."

Kwa hiyo ule utani wa asali ulianzia kwake. Aliubeba uongo wangu mpaka kwa mkewe, akijua ni uongo, kwa sababu alidhani wana muda. Miezi yote hii nilifikiri mzigo huu ni wangu peke yangu. Ningetaka kukuambia kwamba kuushika wawili kuliupunguza. Haukupungua. Tulilia pale, watu wazima wawili, na kitunguu kilikuwa bado kizima.

Kisha simu yangu ikaita. Alikuwa binti yake. Nikamwonyesha Mzee kioo cha simu, akatikisa kichwa. Akaitazama meza, akaviangalia vile vipande vyangu vya inchi sita sakafuni.

"Nimwambie nini?" nikanong'ona.

"Mwambie kesho."

Nikapokea. "Fundi, umeshaipandisha?" binti aliuliza. Mzee alikuwa ameweka mkono begani kwangu, lile la kushoto lililoshuka.

"Kesho, dada," nikamwambia. "Nasubiri gundi ikauke."