Mistari ya Jirani

Jirani yetu mgane ana redio kuukuu ya kuzungumza na watu wa mbali, nzito kama cherehani. Kila anapobonyeza kipaza sauti, televisheni yetu hujaa mistari; akiachia ili asikilize, picha hutulia. Huongea kidogo, husikiliza sana. Nimemwona dirishani: huiwasha, huingoja ipate moto, na sauti ya mwenzake ikianza kuhama, maana redio imezeeka, huifuata kwa kuzungusha kitufe kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Baba alipolalamika kwamba mabao yote anakuja kusimuliwa kazini, jirani alileta kichujio cha kuzuia mistari, alichokiunda ndani ya kopo la kahawa, akakifunga nyuma ya televisheni. "Samahanini sana," akasema, tayari yuko mlangoni. Picha ikatakata. Wiki haikuisha, Mama akamwita. "Shemeji, njoo ukitoe hiki kidude chako." "Kimeharibu picha?" "Picha safi kabisa. Lakini unaishi peke yako humo ndani. Tutajuaje kama u mzima?" Alikifungua, skrubu moja baada ya nyingine, akaenda nacho kwake. Jioni, mistari ilipoukatiza mpira, Baba aliegemea kiti. "Haya," akasema, "yupo."