Mkono Wangu Ndani ya Mtungi wa Wagiriki

Wenzangu, nimeshajicheka mwenyewe, nanyi nichekeni. Nafanya usafi kwenye jumba la makumbusho hapa Washington. Wiki iliyopita nilikuta mtungi wa Wagiriki wa kale umetolewa kwenye kabati lake la kioo. Ulifanana kabisa na wa bibi yangu kule Kigoma, ambamo sisi wajukuu tulichota maji kwa kata tukitoka shule, yakinukia udongo. Nikainama niunuse. Miwani ikadondokea ndani! Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikaishika, lakini ngumi ikagoma kutoka. Mara msimamizi wangu, Mkenya, akaingia na wageni.

"Mama Neema, unatafuta nini humo?"

Machozi yalinilenga, mkono ungali ndani.

"Maji ya bibi," nikamjibu.